Ng'ombe Hazeeki Maini: Njia Tatu za Timu ya Wakongwe Kumkabili Mbabe wa Ligi

Kikosi chako cha mpira wa kikapu kina wachezaji watano waliovuka miaka 32. Mbele yenu kuna timu ya vijana wanaokimbia robo zote nne, na msimu mzima hamjaifunga. Moyo mnao, uzoefu mnao. Kinachotakiwa kuamuliwa ni pumzi mlizo nazo zitumike wapi uwanjani, kwa sababu timu ya wakongwe haiwezi kufanya kila kitu, na ikijaribu hukatika robo ya tatu.

NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilitoa majibu matatu ya swali hili ndani ya miaka michache: Dallas Mavericks ya 2011, San Antonio Spurs ya 2014, na Boston Celtics ya 2010 na 2012. Zinalinganishika vizuri kwa kuwa zote tatu zilikutana na mtu yuleyule, LeBron James, huku nyota wao wakiwa wameshapita kilele cha miili yao. Dallas na San Antonio zilibeba kombe. Boston ilimtoa LeBron alipokuwa Cleveland, ikafika mchezo wa saba wa fainali na Los Angeles Lakers (huko mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi minne), na miaka miwili baadaye ilibakiza ushindi mmoja tu kuitoa Miami Heat, timu aliyohamia LeBron. Kila njia ina bei yake, na bei hiyo ndiyo ya kupima kabla hujachagua.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni miguu: njia inadai mbio kiasi gani, na dakika ngapi kwa kila mkongwe. Cha pili ni kikapu: robo ya nne inapokaza, pointi zinatoka kwa nani na wapi. Cha tatu ni ulinzi: mbabe anazuiwaje asikimbie. Cha nne husahaulika kuliko vyote, nacho ni kijana. Katika timu zote tatu alikuwepo mtu mwenye miguu mipya aliyebeba kazi ambazo wazee hawawezi tena, na utaona kilichotokea alipokosekana. Mwisho tutaangalia panapovunjika na timu inayofaa.

Jambo moja kuhusu kanuni. NBA hucheza dakika 48 na kumpa mchezaji faulo sita. Ligi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hufuata FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu: dakika 40, faulo tano. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba FIBA haina kanuni ya sekunde tatu kwa mlinzi, ile inayomkataza kukaa chini ya kikapu zaidi ya muda huo bila kumlinda mtu, kwa hiyo senta wako (mchezaji mrefu wa katikati) anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote. Hilo linazipa baadhi ya njia hizi nguvu zaidi huku kwetu kuliko zilikotoka.

Dallas 2011: zoni, na mtupaji mmoja asiyezuilika

*Miguu.* Jason Kidd alikuwa na miaka 38. Peja Stojakovic alitimiza 34 fainali ikiendelea. Jason Terry na Shawn Marion walikuwa na 33, na Dirk Nowitzki alibakiza wiki moja kufika umri huo siku alipobeba kombe, 12 Juni 2011. Miami ilikuwa na LeBron, Dwyane Wade na Chris Bosh. Kocha Rick Carlisle hakukubali mashindano ya mbio. Dallas ilitumia zoni kuliko ilivyozoeleka NBA, na katika zoni mlinzi hulinda eneo lake, hamfukuzi mtu kutoka skrini moja (mshambuliaji anaposimama kumzibia mlinzi njia) hadi nyingine. Kwa mtu wa miaka 38, hizo ni mita nyingi sana zilizookolewa.

*Ulinzi.* Hawakukaa kwenye zoni mchezo mzima. Walibadilisha, mara zoni, mara mtu kwa mtu, na kila badiliko lilimlazimisha mpinzani asimame na kuusoma upya ulinzi. Sekunde anazotumia kusoma zinatoka kwenye saa yake ya kushambulia, na ni pumziko kwa wazee. LeBron alimaliza mchezo wa nne na pointi 8, na wastani wake katika fainali yote ulikuwa 17.8.

*Kikapu.* Uangalie kwa karibu mtupo wa Nowitzki, kwa sababu ndio moyo wa njia hii. Ana urefu wa mita 2.13. Anapokea mpira kwenye pembe ya mstari wa mitupo huru, mgongo ukielekea kikapu. Anageuka, anainua goti moja, anaegea nyuma kwa mguu mmoja na kuuachia mpira juu ya kichwa. Hakuna hatua hata moja hapo inayotaka kasi wala kuruka juu. Goti lililoinuliwa linamweka mlinzi mbali, urefu unafanya kazi iliyobaki. Mchezo wa pili Dallas ilikuwa nyuma 73–88 zikiwa zimebaki dakika saba na sekunde chache, ikashinda 95–93. Pointi tisa za mwisho za Dallas zote zilikuwa za Nowitzki, na kikapu cha ushindi alikiweka kwa mkono wa kushoto, mkono uleule aliochanika kano ya kidole katika mchezo wa kwanza.

*Kijana.* Tyson Chandler, miaka 28, alisimama katikati ya zoni na kusafisha makosa ya waliokuwa mbele yake. J.J. Barea, miaka 26, aliingizwa kikosi cha kwanza kuanzia mchezo wa nne mahali pa DeShawn Stevenson, akawa ndiye pekee wa kuupenya ulinzi wa Miami kwa kasi. Dallas haikupoteza tena.

*Panapovunjika.* Zoni ya 2-3, wawili mbele na watatu nyuma, ina matundu matatu: katikati kwenye mstari wa mitupo huru, kona zote mbili, na ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Tundu la ribaundi ndilo linaloua. Katika mtu kwa mtu, kila mmoja anajua nani wa kumzuia mpira unaporushwa. Katika zoni hakuna aliyepangiwa mtu, kwa hiyo watano wote huinua macho na kutazama mpira. Dawa yake ni ya mazoezi: mpira ukiondoka mkononi mwa mrushaji, watatu wa nyuma wamtafute aliye karibu kwa mgongo kabla ya kutazama juu, na walinzi wawili wa mbele washuke hadi mstari wa mitupo huru kuokota mipira inayoruka mbali. Rudieni hili dakika kumi kila mazoezi mpaka liwe desturi.

Udhaifu mwingine ni kumtegemea mmoja. Mchezo wa sita Nowitzki alipata mtupo 1 kati ya 12 kipindi cha kwanza, yaani robo mbili za mwanzo. Terry akaibeba timu kwa pointi 27. Bila mtu wa pili wa namna hiyo, njia hii ina mguu mmoja.

*Inamfaa* kocha mwenye mchezaji mrefu anayelenga juu ya mikono ya mlinzi, mwenye senta anayeongea, na mwenye watu wachache wa kutegemewa, saba au wanane.

San Antonio 2014: dakika zilizogawanywa, mpira usiotulia

*Miguu.* Hapa kazi ilianza miezi minane kabla ya fainali. Tim Duncan alikuwa na miaka 38 na Manu Ginobili 36, na hakuna mchezaji hata mmoja wa kikosi kile aliyefikisha wastani wa dakika 30 msimu ule wa kawaida. Tony Parker ndiye aliyecheza nyingi zaidi, 29.4. Ginobili alicheza chini ya 23. Na bado walishinda michezo 62. Kocha Gregg Popovich alikuwa ameshalipia msimamo huo: Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani Duncan, Parker, Ginobili na Danny Green badala ya kuwachezesha Miami, na ligi ikaipiga timu faini ya dola 250,000.

*Kikapu.* Kanuni yao ilikuwa ya nusu sekunde: ukipokea mpira, amua mara moja kurusha, kupasia au kupenya. Miami ilizoea kumrukia mwenye mpira kwa watu wawili kila skrini inapowekwa, na vijana wao walikuwa wepesi kiasi cha kufanya hivyo usiku kucha. Tazama San Antonio ilivyoigeuza nguvu hiyo kuwa udhaifu. Parker anabanwa na wawili, hang'ang'anii mpira, anautoa kwa Boris Diaw aliyeteleza hadi mstari wa mitupo huru. Sasa ni washambuliaji wanne kwa walinzi watatu. Mlinzi wa chini akipanda kumkabili Diaw, Duncan yuko wazi chini ya ubao. Mlinzi wa kona akiingia kusaidia, mpira unakwenda kona. Wote wakibaki, Diaw anarusha. Huyu Diaw hakuwa mwepesi wala hakuruka, lakini aliona uwanja wote, na alipoingizwa kikosi cha kwanza mchezo wa tatu fainali ilibadilika. Mchezo wa nne alitoa asisti 9, yaani pasi za kufungisha.

Mchezo ule wa tatu, ugenini, waliingiza mitupo 25 kati ya 33 kipindi cha kwanza na kwenda mapumziko na pointi 71. Mara zote nne walizoshinda, tofauti ilikuwa pointi 15, 19, 21 na 17.

*Ulinzi.* Wa kawaida, wa nidhamu: kurudi nyuma haraka, kutotoa faulo za bure. Mtupo ulioingia ndio ulinzi wa kwanza, kwani mbabe hawezi kukimbia akiwa anautoa mpira chini ya kikapu chake.

*Kijana.* Kawhi Leonard, miaka 22, alimlinda LeBron na bado akawa mchezaji bora wa fainali. Mzigo huo Duncan na Ginobili wasingeuweza kwa namna yoyote. Lipo pia jambo la haki kulisema: Miami ilikuwa fainali ya nne mfululizo, Wade akiwa na miaka 32 na Ray Allen 38. Mbabe naye alikuwa amechoka.

*Panapovunjika.* Njia hii inadai muda. Mwaka mmoja kabla, kikosi karibu kilekile kilipoteza fainali kwa Miami hiyohiyo. Mchezo wa sita, 18 Juni 2013, San Antonio ikiongoza 95–92, Duncan alikuwa benchi ili walinzi wepesi waingie. Bosh akaokota ribaundi, akampasia Ray Allen kona ya kulia, mtupo ukaingia zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Unapolinda uongozi wa pointi tatu, mwache uwanjani mtu wako wa ribaundi. Mtupo wa kwanza unaweza kuzuiwa vizuri kabisa, wa pili ndio unaoua.

Benchi dhaifu nalo huivunja njia hii mapema. Ukiwapumzisha wakongwe na wanaoingia wakapoteza pointi kumi ndani ya dakika tatu, utawarudisha uwanjani kabla hawajapumzika, na hesabu yote ya dakika imeharibika.

*Inamfaa* kocha mwenye watu tisa au kumi anaowaamini, waliokaa pamoja misimu kadhaa, na viongozi walio tayari kupoteza mchezo wa kawaida leo kwa ajili ya mchezo mkubwa baadaye.

Boston 2010 na 2012: kuubana mchezo mpaka usonge

*Miguu.* Kevin Garnett na Ray Allen walikuwa na miaka 34 mwaka 2010, Paul Pierce 32, Rasheed Wallace 35. Msimu ulianza kwa ushindi 23 na vipigo 5, kisha ukawa 27 kwa 27. Wengi waliwahesabu wamekwisha. Kocha Doc Rivers alizitunza nguvu kwa ajili ya michezo ya mtoano, na hapo kila shambulizi lilichezwa kwa uzito.

*Ulinzi.* Mwenye mpira anasukumwa pembeni, mbali na katikati. Upande ule wenye mpira unajazwa walinzi watatu, na Garnett anapanga wenzake kwa sauti kutoka nyuma. Mpinzani akitaka kuuhamisha mpira upande wa pili inambidi atoe pasi ndefu, na urefu wa pasi ndio muda wa wazee kugeuka na kufika. Pia hawakwenda kutafuta ribaundi za kushambulia. Mtupo ukiondoka, wanarudi. Timu inayokimbia ikikuta watu wanne tayari wamejipanga, mbio zake hazina kazi. Cleveland ilikuwa na ushindi 61 msimu ule, na katika mchezo wa tano ilifungwa nyumbani kwake 120–88, LeBron akipata mitupo 3 kati ya 14.

*Kikapu.* Hapa ndipo penye uchache. Allen akitoka kwenye skrini, Pierce dhidi ya mtu mmoja, na Rajon Rondo akipenya.

*Kijana.* Rondo, miaka 24, alikuwa injini: mchezo wa nne na Cleveland alipata pointi 29, ribaundi 18 na asisti 13. Kendrick Perkins, 25, alikuwa kifua cha chini ya kikapu.

*Panapovunjika.* Palepale, kwa kijana. Perkins aliumia goti mchezo wa sita wa fainali. Siku mbili baadaye, 17 Juni 2010, Boston iliongoza kwa pointi 13 robo ya tatu na kuwazuia Lakers kwenye asilimia 32.5 ya mitupo, ulinzi ambao kwa kawaida hushinda. Lakers wakaokota ribaundi 23 za kushambulia na kushinda 83–79. Garnett alipata ribaundi tatu tu. Ukiubana mchezo hadi kila timu ifunge pointi themanini na kitu, kila mpira wa pili unaompa mpinzani una thamani maradufu.

Mwaka 2012 ikajirudia. Avery Bradley, kijana wa miaka 21 aliyewabana walinzi wa wapinzani, alikuwa ameumia bega na kukosa nusu fainali na Miami. Rondo alicheza dakika zote 53 za mchezo wa pili, akafunga 44, wakafungwa kwa dakika za nyongeza. Waliongoza 3–2, kisha LeBron akafunga 45 mjini Boston, na mchezo wa saba ukaisha 101–88 kwa Miami. Kuuma meno kila shambulizi kunawezekana kwa wiki mbili. Mchezo wa kumi na tano au wa ishirini wa mtoano, miguu inadai deni lake.

*Inamfaa* kocha ambaye timu yake hailengi vizuri lakini inazungumza na kuelewana katika ulinzi, na ambaye michezo iliyobaki ni michache.

Njia ya nne, inayovutia viongozi

Ni kununua majina. Lakers ya 2004 iliwaongeza Karl Malone, 40, na Gary Payton, 35, juu ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Malone aliumia goti, Detroit ikashinda fainali 4–1. Brooklyn Nets ya 2014 iliwachukua Garnett na Pierce, ikaifunga Miami mara zote nne msimu wa kawaida, kisha walipokutana kwenye mtoano ikatolewa 4–1. Zingatia hiyo nne kwa nne. Mbabe wa msimu wa kawaida huwa hajafungua kasha lake lote, kwa hiyo usichague njia yako kwa kutazama matokeo ya ligi peke yake.

Chagua kwa hali uliyo nayo

Ikiwa fainali ni mchezo mmoja tu, jioni moja, na mnayo siku tatu za kupumzika kabla yake, ulinzi wa Boston unakubalika hata kwa miguu mizito, mradi watu wako wawili wa ribaundi wawe wazima na mmoja wao asizidishe faulo mbili kabla ya mapumziko.

Ikiwa ni mashindano ya michezo mitano ndani ya wiki moja, sahau hiyo. Changanya zoni ya Dallas na mgao wa San Antonio: kila mkongwe dakika 20 hadi 24 kati ya 40, kwa vipande vya dakika nne au tano, na atoke kabla hajaanza kushika magoti. Kwa kanuni za FIBA senta wako atakaa katikati ya zoni bila kuitwa sekunde tatu za ulinzi, na hata mrefu mzito asiyeweza kukimbia ana kazi hapo.

Mna watu saba tu? Zoni, na msicheze kwa presha uwanja mzima hata mkiwa nyuma kwa pointi nane. Tumia mapumziko mafupi mapema, kwani mawili ya kipindi cha kwanza hayahamishiki kipindi cha pili.

Mpinzani analenga vizuri kutoka kona? Zoni itakuadhibu. Rudi mtu kwa mtu, na mkongwe wako mzito umpangie yule asiye na mtupo wa mbali ili asilazimike kutoka nje.

Mpinzani anambana mwenye mpira kwa watu wawili? Mtafute Diaw wako: mtu mpole wa mikono, anayeona mbali, hata kama ana kitambi. Msimamishe mstari wa mitupo huru na mfanye mazoezi ya wanne kwa watatu, dakika kumi na tano kila siku, bila kudunda mpira zaidi ya mara moja.

Msimu ndio kwanza unaanza na benchi lako lina vijana wanaofundishika? Anza njia ya San Antonio leo, ukijua kwamba matunda yanaweza kuja msimu unaofuata.

Na ikiwa kikosi chote kimevuka miaka 30, acha kwanza kuchagua mfumo. Nenda kwenye timu za vyuo na viwanja vya mtaani, mtafute kijana mmoja mwenye mapafu na asiyeona aibu kuokota mipira ya wengine. Mpe nafasi kuanzia mechi ya kwanza ya msimu, mwekee mkongwe mmoja wa kumwelekeza kila zamu, kisha uje uchague kati ya hizi tatu ukimhesabu yeye.